Vitofali vya udongo vya kuoteshea miche: kifyatulio kisikuumize kichwa, kazi iko kwenye mchanganyiko na maji

Kijani_Kibichi

Wakuu, habari za humu.

Kila tukigusia kuotesha miche nyumbani, maswali kuhusu vitofali vya udongo ni yale yale: kifyatulio cha ukubwa gani, cha chuma au cha plastiki, cha matundu manne au ishirini. Naona tunaanzia mkiani. Kifyatulio ni kiboksi kisicho na kitako pamoja na kisukumio, basi. Kinachoamua kama mche utanyanyuka au utalala ni ule mchanganyiko ulioushindilia mle ndani, na namna utakavyoumwagilia. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mambo hayo mawili.

Kwa mgeni wa jambo hili: badala ya kujaza udongo kwenye trei ya vishimo au kwenye kiriba, unaulowesha, unaushindilia kwenye kifyatulio, unausukuma nje, na kinabaki kitofali kinachosimama chenyewe bila chombo. Mbegu inaingia kwenye kijishimo cha juu. Mche ukishakua, kitofali chote kinakwenda bustanini kama kilivyo. Hakuna kuchana plastiki wala kugonga trei kitako.

Wengi husifu kwamba unaokoa plastiki. Ni kweli, lakini mimi faida ninayoitaka iko kwenye mizizi. Ndani ya kiriba, mzizi ukigonga ukuta hugeuka na kuanza kuzunguka. Ukichelewa kuuhamisha mche, unakuta mizizi imejisokota kitako. Kitofali hakina ukuta. Ncha ya mzizi ikifika ukingoni inakutana na hewa, inakauka, na nyuma yake inachipua mizizi mingine ya pembeni. Nayo ikifika ukingoni inasimama. Mwisho unapata kitofali kilichojaa mizizi mifupi mingi, na siku ukikifukia ardhini yote inaanza kusonga mbele kila upande. Ndiyo maana mche wa kitofali haudumai sana baada ya kuhamishwa.

Ila hiyo hewa lazima iwepo. Ukivibananisha vitofali bega kwa bega, mizizi inavuka kwa jirani na siku ya kuvitenganisha unachana mizizi ya wote wawili. Acha nafasi ya nusu sentimita hadi sentimita moja.

Wazo lenyewe ni la kale. Huko Xochimilco, Meksiko, wakulima wa chinampa (bustani zilizoinuliwa kati ya mifereji ya maji) huchota tope la mferejini, hulitandaza kitaluni, hulikata miraba kwa kisu likianza kukaza, na kila mraba hupokea mbegu yake. Uholanzi wakulima wakubwa wa saladi hutumia vitofali vya piti (mabaki ya mimea iliyooza nusu kwenye vinamasi) vinavyofyatuliwa kwa mashine. Kwa wakulima wadogo, hasa Marekani, aliyevipigia debe sana ni Eliot Coleman, mkulima wa jimbo la Maine. Kwa hiyo anayekuambia huu ni mtindo wa juzi wa intaneti, mpuuze.

Ukubwa. Vipo vya sentimita 2, vya 4, vya 5 na vya 10 kila upande. Cha sentimita 2 kina ujazo wa mililita 8 tu, cha sentimita 5 kina mililita 125. Trei ya sentimita 30 kwa 50 inabeba vidogo 240 hivi ukiachia nusu sentimita, au vikubwa 40 ukiachia sentimita moja. Mvuto wa vile vidogo unaonekana: mbegu nyingi sehemu ndogo, rahisi kuzipatia joto pamoja. Lakini piga hesabu ya pili. Kitofali cha sentimita 2, ukilinganisha eneo lake la nje na ujazo wake, kina eneo mara mbili na nusu ya cha sentimita 5. Maana yake kinakauka haraka mno, na akiba yake ya chakula ni udongo wa kijiko cha chai kimoja na nusu. Anayeanza, aanze na cha sentimita 4 au 5. Vidogo viache hadi uwe na mkono wa kumwagilia.

Sasa mchanganyiko. Udongo mtupu wa bustani haufai. Ukikauka unakuwa jiwe na mizizi inakosa hewa. Mboji tupu nayo inabomoka. Unahitaji kitu chenye nyuzi cha kushikilia, kitu cha kulisha, kitu cha kupitisha hewa, na kiasi kidogo cha kitu cha kugandisha. Uwiano ninaoutumia, kwa kipimo cha chombo kimoja:

kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) sehemu 3,
mboji iliyoiva na kuchekechwa sehemu 2,
mchanga mkali au perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano) sehemu 1,
udongo wa bustani wenye ufinyanzi kidogo sehemu 1.

Wenye piti waitumie badala ya kokopiti, lakini piti ina tindikali, lazima uitie chokaa ya kilimo ili pH ipande hadi kwenye 6 na kidogo. Kokopiti haina shida hiyo, ina yake: mara nyingi huja na chumvi. Iloweke, ikamue, mwaga maji, rudia. Tena ina tabia ya kushikilia kalsiamu na kuachia potasiamu na sodiamu, ndiyo maana wenye vitalu vya biashara huiloweka kwenye maji yenye kalsiamu naitreti kabla ya kuitumia. Nyumbani, ukiiosha vizuri na mboji yako ikawa imeiva, miche ya wiki nne haitalalamika.

Chekecha kila kitu. Kwa vitofali vya sentimita 5, matundu ya chekecheke yasizidi milimita 6 hivi. Kwa vidogo, chini ya hapo. Kijiti kimoja kikikaa pembeni ya kitofali, hapo ndipo kitapasukia.

Halafu maji, na hapa wengi tunaogopa. Udongo wa kujaza kwenye kiriba unaufinya na hautoi tone. Huu wa vitofali ukiufinya lazima maji yapenye kati ya vidole na donge libaki limeshikana. Ni tope hasa, la kufyatulia tofali. Lita 10 za mchanganyiko mkavu hunywa lita 3 za maji, na kokopiti ikiwa kavu kabisa hunywa zaidi. Lowesha jioni, funika, fyatua kesho yake. Nyuzi zinahitaji muda wa kunywa.

Kufyatua: chovya kifyatulio kwenye maji, kishindilie mara kadhaa kwenye rundo la tope lenye kina kuliko kifyatulio chenyewe, kwangua kitako kiwe sawa, weka kwenye ubao, sukuma huku unanyanyua taratibu. Chovya tena kabla ya raundi inayofuata. Usiposhindilia vya kutosha kitofali kitakuwa kizuri kwa macho na kitaanguka siku ya tatu.

Na tafuta kitu kigumu cha kuvibebea. Vitofali 40 vya sentimita 5 vikiwa vimelowa havipungui kilo 5. Trei nyembamba ya plastiki ukiinyanyua inapinda katikati, vitofali vyote vinapata nyufa kwa mpigo mmoja.

Karibuni kwa maswali na mapingamizi.

Mdadisi_Tu

Mkuu asante kwa uzi. Mimi vyangu vinatoka vizuri kabisa, tatizo ni nikishamwagilia. Juu vinalika, pembe zinakwisha, mbegu zinaonekana. Nimeongeza udongo wa mfinyanzi vikagoma hata kuota. Nifanyeje?

Kijani_Kibichi

Mdadisi, toa huo mfinyanzi wa ziada. Umegandisha kitofali ukaiziba hewa, mbegu imekosa pumzi.

Shida yako siyo kugandisha, ni namna ya kumwagilia. Kitofali kipya hakitakiwi kuona kopo wala keni. Kuna vipindi viwili. Kabla ya mizizi, kinashikiliwa na nyuzi na unyevu tu, kwa hiyo unatumia chupa ya kunyunyizia yenye ukungu mwembamba, au unamimina maji kidogo pembeni ya trei yajipandishe yenyewe kutokea chini. Yakishapanda, yanayobaki unayamwaga. Kitofali kisikae dimbwini. Mche ukishapata majani mawili matatu halisi, yaani yale yanayofuata majani ya mbegu, mizizi imeshakishona kitofali chote, hapo hata ukikishika na kukigeuza hakibomoki. Wengi hukata tamaa kwenye kipindi cha kwanza bila kufika cha pili.

Jambo la kutofanya kabisa ni kuacha kikauke. Piti na kokopiti kavu, hasa piti, hukataa maji. Unanyunyiza yanateleza pembeni, juu panaonekana pamelowa na katikati ni unga. Kitofali kilichofika hapo nyunyizia kidogo kidogo mara nyingi, au kiweke kwenye maji ya kina kidogo hadi rangi ya juu igeuke, ndipo ukiinue.

Fundi_wa_Jioni

Kwa wasiotaka kununua kifyatulio, kazi yenyewe ni ya dakika chache. Chukua bomba la plastiki gumu la upana wa sentimita 5, kata kipande cha sentimita 12 hivi, laini kingo kwa msasa. Kata kiduara cha mbao kinachoingia ndani ya bomba kikicheza kidogo. Kikibana sana kikilowa kitavimba na kugoma. Kipigilie kwenye mpini wa ufagio uliokatwa. Katikati ya kiduara, upande wa chini, funga skrubu yenye kichwa cha mviringo, itoke nje kama sentimita moja. Hiyo ndiyo inatoboa kijishimo cha mbegu. Kwenye mpini chora alama usawa wa mdomo wa juu wa bomba, kiduara kikiwa sentimita 5 ndani; kishikilie hapo unaposhindilia ili vitofali vyote vitoke urefu mmoja. Sukuma kwa kuzungusha kidogo, ule mvuto wa hewa unaachia.

Vinatoka vya mviringo na havina ubaya wowote. Tena ukivipanga vikagusana, vinagusana sehemu moja tu, hewa inapita kote kwingine. Hasara yake unafyatua kimoja kimoja.

Kijani_Kibichi

Fundi umemaliza. Ningeongeza tu: toboa tundu dogo kwenye kile kiduara cha mbao maji ya ziada yapite. Bila tundu maji yanabanwa juu na kitofali kinatoka kimevimba kichwani.

Bi_Mkubwa_wa_Bustani

Wanangu, mimi nimezeeka na trei za vishimo na bado nazitumia. Nikiwa na miche mingi ya kabichi najaza trei kwa kiganja, nasia, nimemaliza. Nyinyi mtakuwa bado mnafyatua. Na trei nzuri naifua naitumia mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo hilo la plastiki halinitishi. Nielezeni kwa nini nijitese.

Kijani_Kibichi

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa kabichi usijitese. Kabichi, sukuma wiki na jamaa zake wote huvumilia kuhamishwa, hata mche uliong'olewa mizizi mitupu unashika. Ukiwa na mamia ya miche ya namna hiyo, trei inashinda.

Kitofali nakipigania kwa mimea inayochukia kuguswa mizizi: matango, matikiti, maboga. Hao ukiwagongagonga wananuna. Kwenye kitofali cha sentimita 5 unasia mbegu moja ubavu, na baada ya wiki mbili au tatu unahamisha, hawajui kama wamehama. Pia nyanya na pilipili hoho, kwa sababu wanakaa kitaluni muda mrefu, wiki tano hadi nane, na ndio wanaojisokota mizizi kwenye viriba. Saladi nayo inapendeza sana kwenye kitofali cha sentimita 4.

Kuna na watu ambao ningewakataza. Mtu anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, kitalu chake kiko kwenye upepo na jua kali, hana wa kumtazamia: huyo atumie trei. Kitofali kinapumua pande tano, na pande tano hizo ndizo zinazokikausha. Trei inamsamehe mtu aliyesahau siku moja, kitofali hakimsamehe.

Bi_Mkubwa_wa_Bustani

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye matango umenigusa, kila msimu napoteza baadhi nikiwatoa. Nitajaribu hao tu. Karoti je?

Kijani_Kibichi

Karoti isia moja kwa moja bustanini, Bi Mkubwa. Ule mzizi mkuu ndio mboga yenyewe. Ncha yake ikikauka ukingoni mwa kitofali unavuna karoti zenye miguu miwili.

Shamba_la_Balkoni

Salaam wadau. Miche yangu ya nyanya iliota vizuri, yote kwa pamoja, halafu ikaanza kuanguka. Shina linakuwa jembamba na jeusi pale linapogusa udongo, mche unalala, kesho yake na jirani amelala. Je, ni udongo wa bustani niliotia?

Mama_Vitalu

Dada, hiyo ni kinyausi. Nikujibu mimi kwa kuwa nimepambana nayo sana. Vimelea vyake, Pythium na Rhizoctonia, vinaishi kwenye udongo na vinaweza kuingia kupitia udongo wa bustani, mboji isiyoiva, trei chafu, hata maji ya dimbwi. Lakini vikiingia vinahitaji mazingira, na mazingira hayo mara nyingi tunayatengeneza wenyewe: unyevu wa kudumu, mfuniko wa plastiki uliosahaulika, miche imebanana, hewa haipiti.

Fanya hivi. Mfuniko toa mara tu zaidi ya nusu ya mbegu zikichomoza. Mwagilia asubuhi, kutokea chini, juu ya kitofali pakauke kidogo kabla ya usiku. Badala ya kufunika mbegu kwa udongo, tandaza safu nyembamba ya mchanga safi au vermikulaiti (chembe nyepesi za madini), inakauka haraka na shina haliogelei. Ukiwa na feni ndogo, iache ipulize taratibu. Vitofali vilivyougua vitoe pamoja na miche yake, tena viende mbali na rundo la mboji.

Kama unataka kuutibu udongo wa bustani kwa joto, uloweshe kiasi, upashe moto hadi katikati yake pafike nyuzi 70 hadi 80, ukae hapo nusu saa. Usiuchemshe wala kuubabua; joto likizidi, udongo unaachia vitu vinavyodhuru mche mchanga. Mboji usiipike, unaua viumbe wazuri wanaowabana hao wabaya.

Kijani_Kibichi

Mama Vitalu, naunga mkono, hasa hapo kwenye mfuniko. Mfuniko ni wa kusaidia kuota tu. Ukiuacha, unawafugia kinyausi na pia unapata miche mirefu yenye shingo nyembamba.

Shamba_la_Balkoni

Asanteni sana. Na ule ukungu mweupe unaotanda juu ya vitofali, nao ni kinyausi?

Mama_Vitalu

Hapana, huo mara nyingi ni kuvu wanaokula mabaki ya mboji, hawana neno na mche. Ukune kwa kijiti, punguza maji. Utando wa kijani nao ni dalili hiyo hiyo ya maji mengi. Ila ukiona na vijidudu vyeusi vinavyorukaruka kama mbu wadogo, kuwa makini, funza wao hula mizizi. Acha uso wa kitofali ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine.

Jembe_Halichoki

Jamani naongeza la mboji, maana Kijani amelipita haraka. Neno "iliyoiva" libebeni kwa uzito. Samadi au mboji mbichi inatoa amonia, na kwenye kitofali kilichoshindiliwa hiyo amonia haina pa kwenda, inababua mizizi. Mboji iliyoiva inanukia udongo wa msituni, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi kutambua ilitokana na nini.

La pili ni baya zaidi kwa sababu hunusi kitu. Kuna viuagugu vya malisho, kama aminopairalidi na klopairalidi, ambavyo vinapita tumboni mwa ng'ombe au farasi vikiwa hai, vinabaki kwenye samadi, na hata kwenye mboji vinachelewa kuvunjika. Nyasi haziumii, lakini nyanya, maharage na jamii zao wanaumia kwa kiasi kidogo sana. Majani mapya yanajikunja kama mkono uliofumbatwa, shina linapinda.

Kipimo chake ni cha kienyeji na kinaaminika: fyatua vitofali vichache vya mchanganyiko huo, panda maharage, na vingine vichache vya mchanganyiko usiokuwa na hiyo mboji. Subiri hadi majani halisi matatu. Maharage yakitoka yaliyonyooka pande zote mbili, endelea. Yakijikunja upande wa mboji tu, mboji hiyo isiguse kitalu.

Kijani_Kibichi

Hili Jembe ameliweka sawa kuliko nilivyoandika mimi. Ukinunua mboji au samadi kwa mtu, fanya kipimo cha maharage kabla ya kusia mbegu ya gharama.

Mpya_Kabisa_Humu

Samahani wakubwa, swali la mwanafunzi. Miche yangu ya hoho iko kwenye vile vidogo vya sentimita 2. Imeota, ina majani mawili ya mbegu, imesimama hivyo hivyo na inageuka njano. Niweke mbolea ya maji?

Kijani_Kibichi

Karibu sana. Usiweke mbolea, wahamishe. Kitofali cha sentimita 2 ni cha kuoteshea tu. Mbegu ikichomoza tu, hata kabla ya jani halisi la kwanza, kinatakiwa kiingie kwenye kitofali cha sentimita 5 chenye shimo la mraba la ukubwa huo huo. Vifyatulio vingine huja na kiungo cha kutobolea shimo hilo. Kama chako hakina, kata kibao cha sentimita 2 kwa 2 ukibandike mahali pa ile skrubu. Cha sentimita 5 nacho kinaingia kwenye cha sentimita 10 kwa mtindo huo huo, kama mche utakaa muda mrefu.

Mchanganyiko wa vile vidogo mimi siupi chakula kingi, mbegu inajitegemea mwanzoni. Chakula kinakaa kwenye kitofali kikubwa. Wakishakaa humo, wiki ya tatu au ya nne ukiona majani ya chini yanafifia, hapo ndipo mbolea ya maji iliyozimuliwa, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, inafaa. Ukiona zambarau upande wa chini wa majani ya nyanya, kwanza angalia baridi. Mizizi ikiwa baridi haichukui fosforasi hata kama ipo tele.

Hoho nao wanataka joto, nyuzi 25 hadi 30 ndipo wanaota kwa haraka. Saladi ni kinyume: udongo ukizidi nyuzi 30 mbegu inalala usingizi. Basi usiwaweke trei moja. Mbegu ya saladi pia hupenda mwanga, iache juu, usiizike.

Mpya_Kabisa_Humu

Nimeelewa mkuu, ubarikiwe. Na siku ya kupeleka bustanini kuna ujanja wowote?

Kijani_Kibichi

Upo mmoja muhimu kuliko yote. Fukia kitofali chote. Uso wake wa juu ufunikwe na udongo wa bustani, sentimita moja hivi. Kitofali kikichomoza nje, zile nyuzi zinavuta maji kutoka chini na kuyapeleka hewani mchana kutwa. Kitofali kinakauka hata kama bustani yenyewe ina unyevu, na mche unanyauka mbele yako huku umetoka kumwagilia. Nyanya unaweza kuizamisha hata hadi karibu na majani, inatoa mizizi kwenye shina. Saladi usiizike moyo, itaoza. Tandaza udongo kidogo tu juu ya kitofali, ukwepe kitovu cha mche.

Kabla ya hapo, wazoeshe jua na upepo kwa wiki moja hadi siku kumi, ukianza na saa chache za kivuli. Siku yenyewe loweka vitofali vinywe vishibe, hamisha jioni au siku ya mawingu, bonyeza udongo pembeni ili pasibaki mwanya wa hewa kati ya kitofali na shimo, maana mzizi ukikuta mwanya unafanya kile kile ulichofundishwa: unasimama. Mwagilia papo hapo.

Fundi_wa_Jioni

Mkuu, wavu wa waya chini ya vitofali vipi? Nimeona wengine wanavikalisha juu ya wavu badala ya ubao.

Kijani_Kibichi

Unafanya kazi. Juu ya ubao, mizizi ya chini inatambaa kati ya kitofali na ubao, ukikinyanyua inakatika kidogo. Juu ya wavu, chini nako panapata hewa na mizizi inasimama vizuri. Lakini sasa umefungua upande wa sita, kinakauka zaidi, na ile mbinu ya kumwagilia kutokea chini imekufa isipokuwa uzamishe wavu wote kwenye beseni. Mimi nautumia kwa nyanya na hoho tu, wale wa muda mrefu. Matango na saladi wanaondoka mapema, ubao unawatosha.

Mdadisi_Tu

Nimefuata mambo ya chupa ya kunyunyizia na kutoa mfinyanzi, vimesimama. Sasa vile vya zamani vilivyogoma kuota nivitupe?

Kijani_Kibichi

Havina ugonjwa, havina kosa. Vivunje, vikauke, vichekeche, vichanganye na mchanganyiko mpya visizidi robo yake, na safari hii usiongeze udongo wa bustani kwa sababu mfinyanzi umeshajaa humo. Vya kwenye kinyausi tu ndivyo havirudi kitaluni. Mbegu ambazo hazijaota utaziona kwenye chekecheke, usizitumie tena. Zilizokosa hewa kwa muda huo nyingi zimeshaoza.